Jinsi ya kufuatilia Kifaransa kilivyovuka bahari bila kuishia kwa Cartier na Champlain

Kama unafundisha Kifaransa, au unajifunza, au mtoto kaja na kazi ya shule inayosema "eleza mchango wa wapelelezi katika kuenea kwa Kifaransa", ukitafuta Google utakutana na majina na miaka basi. Cartier 1534, Champlain 1608, La Salle 1682, alafu unarushwa moja kwa moja mpaka leo na kuambiwa Kifaransa kina wasemaji milioni 321 kwa mujibu wa ripoti ya 2022 ya Francophonie, shirika la nchi zinazotumia Kifaransa. Hapo katikati kuna zaidi ya miaka mia tatu imerukwa, na mwanafunzi anabaki na picha kwamba mzungu alishuka melini, akasimika msalaba, watu wakaanza kusema bonjour. Haikuwa hivyo hata kidogo. Na linaniuma kwa sababu sisi huku tumezungukwa na Kifaransa, Kongo, Burundi, Rwanda, Komoro, Shelisheli, Morisi, na bado tunafundishana historia yake kwa kukariri majina ya manahodha.

Basi nakupa njia ninayoitumia kulifuatilia hili jambo, unaweza kuifanya mwenyewe au na darasa zima. Unahitaji daftari, ramani ya dunia, na intaneti kidogo. Ukiwa na bando la kutosha ingia Gallica, ile maktaba ya bure ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, kuna ramani za zamani na vitabu vya safari vimeskaniwa, unaviona vilivyo. Kwa upande wa Kanada kuna kamusi yao ya wasifu wa watu wa kale, ipo mtandaoni kwa Kifaransa na Kiingereza na haina malipo, ukiandika jina la mpelelezi yeyote unapata habari zake kwa kina.

Anza kwa kuchora jedwali. Kila sehemu ipe mstari wake, na kila mstari uwe na vyumba vinne: nani alifika kwanza, nani alibaki, watoto walilelewa kwa lugha gani, shule ilianza lini na kwa lugha gani. Chumba cha kwanza ndo vitabu vyetu vinakijaza vizuri. Vile vitatu vingine utavihangaikia kidogo, lakini humo ndo lugha ilimopita, kwa hiyo usikubali mwanafunzi aache wazi.

Kabla hujaenda ng'ambo, chora mstari wa miaka wa Ufaransa yenyewe na chini yake chora mwingine wa ng'ambo, sambamba. Hii hatua watu wanairuka na ndo inayofungua macho. Mfalme François I aliyemtuma Cartier ndo huyohuyo aliyetoa amri ya Villers-Cotterêts mwezi Agosti 1539, kwamba hati za mahakama na serikali ziandikwe kwa Kifaransa na Kilatini kiachwe. Yaani Cartier ameshaenda Kanada mara mbili na kurudi, kwao ndo kwanza Kifaransa kinapewa nafasi mahakamani! Sogea mbele mpaka 1635. Mwaka huohuo Richelieu, waziri mkuu wa mfalme, anaanzisha Académie française ya kusimamia lugha, na Wafaransa wanatia miguu Martinique na Guadeloupe. Sogea tena mpaka 1794, padri Grégoire anasoma ripoti yake mbele ya bunge la mapinduzi anasema kuna Wafaransa wasiopungua milioni 6 hawajui kabisa Kifaransa, wengine idadi hiyohiyo hawawezi kushika mazungumzo, na wanaokiongea sawasawa hawazidi milioni 3. Hiyo ni Ufaransa, miaka 260 baada ya Cartier. Watu walikuwa wanaongea Kibretoni, Kioksitani, Kibaski, Kialsasi na lahaja kibao. Ukishaona mistari hiyo miwili pamoja huwezi tena kusema "Wafaransa walipeleka lugha yao" bila kujiuliza Wafaransa gani hao na lugha ipi.

Sasa chagua safari moja uisome taratibu, usizirukie zote. Mimi nashauri safari ya kwanza na ya pili ya Jacques Cartier, kwa sababu ndani yake utaona lugha ikihama kwa mara ya kwanza na utaona ilihama kwenda upande gani. Cartier alitoka Saint-Malo, Bretagne, ule mkoa wa Ufaransa wa Kibretoni, tarehe 20 Aprili 1534 akiwa na meli mbili na watu 61. Wala hakuwa Mzungu wa kwanza maji yale, wavuvi wa Bretagne, Normandie na Wabaski walishazoea kwenda kuvua samaki kule, na yeye mwenyewe njiani anakutana na meli ya La Rochelle. Hili liandike kwenye chumba cha kwanza, usiandike Cartier peke yake.

Tarehe 24 Julai, pale Gaspé, wakasimika msalaba wa mbao wenye urefu wa futi 30, na ngao ya maua matatu ya yungiyungi, na kibao kilichochongwa kwa herufi kubwa Vive le Roy de France. Chifu Donnacona akaja kwa mtumbwi amevaa ngozi ya dubu, yupo na kaka yake na wanae watatu, akatoa hotuba ndefu akiuonyesha ule msalaba na kuzungusha mkono kwenye ardhi yote inayowazunguka, kuonyesha kwamba nchi ni yake na hawakuomba ruhusa. Hakukuwa na mtu aliyeelewa neno, ila ishara zilieleweka vizuri tu, Cartier mwenyewe ameandika hivyo. Wafaransa wakajifanya wanataka kubadilishana shoka na ile ngozi, mtumbwi uliposogea wakaukamata wakawapandisha wote melini. Hapo Cartier akawaeleza kwa ishara kwamba msalaba ni alama ya kuonyesha meli mlango wa bandari tu. Alafu akawachukua vijana wawili wa chifu, Domagaya na Taignoagny, akawavalisha mashati na kofia nyekundu na mkufu wa shaba kila mmoja, akasafiri nao hadi Ufaransa.

Hapa msimamishe mwanafunzi. Nani anajifunza lugha ya nani? Vijana wawili waliochukuliwa kwa hila ndo walikuwa wanafunzi wa kwanza wa Kifaransa kutoka bonde la mto Saint-Laurent, na walikisomea Ufaransa. Waliporudi 1535 ndo wakawa wakalimani na waonyesha njia mpaka Stadaconé, ilipo Quebec leo. Na majira ya baridi yalipofika, meli zikagandishwa kwenye barafu kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Aprili, kiseyeye kikawashika, fizi zinaoza meno yanang'oka, wakafa 25. Cartier akamwona Domagaya anatembea mzima wakati siku chache nyuma alikuwa anaumwa ugonjwa uleule, akamuuliza kapona vipi. Domagaya akamwambia habari za mti unaoitwa annedda, wanawake wakaenda kuchuma matawi wakawaonyesha namna ya kuchemsha magome na majani. Waliobaki wakapona. Wale mabaharia walinusurika kwa sababu mtu mmoja wa kule alikuwa anajua Kifaransa, na malipo yake yakawa kwamba Mei 1536 Cartier aliwakamata Donnacona na wanae na wengine, jumla kama kumi, akawapeleka Ufaransa. Karibu wote wakafia huko, akabaki binti mdogo mmoja. Cartier aliporudi 1541 aliwaambia ndugu zao kwamba chifu kafariki lakini hao wengine wanaishi kama mabwana wakubwa na hawataki kurudi. Naomba sana usiiruke hii sehemu ukiwa na wanafunzi, iseme kama ilivyo.

Cha kuandika kwenye vile vyumba vitatu vingine kwa Cartier ni hakuna, hakuna, hakuna. Makazi aliyojaribu 1541 na Roberval yalikufa ndani ya miaka miwili, dhahabu na almasi alizobeba zikaonekana ni mawe tu. Hivyohivyo Wafaransa waliojaribu Rio de Janeiro 1555 wakatolewa na Wareno, na wale wa Florida wakaangamizwa na Wahispania 1565. Karne nzima ya wapelelezi, misalaba na bendera, na haikuacha kijiji hata kimoja ng'ambo ambacho watoto wake wanaamka wanaongea Kifaransa. Jaza jedwali hivyohivyo na sifuri zake, zinaeleza kuliko maneno.

Champlain ni tofauti kidogo. Quebec alianza tarehe 3 Julai 1608, wakabaki watu 28 na baridi ya kwanza ikawaua 20. Ila angalia alichofanya 1610. Alimkabidhi kijana wa Kifaransa, inaaminika ndo Étienne Brûlé, akaishi na wenyeji wa makabila ya Waalgonquin na Wahuron ajifunze lugha yao, na yeye akamchukua kijana wa Kihuron anaitwa Savignon akampeleka Ufaransa. Mwaka uliofuata kila mmoja akarudishwa kwao. Brûlé alirudi anaongea na kuvaa kama wenyeji. Biashara yenyewe ilikuwa ngozi za biva (beaver), mnyama wa mtoni mwenye manyoya, wenye ngozi walikuwa Wahuron, kwa hiyo aliyetaka mali ndo aliyejifunza lugha ya mwenzake, sawa na mfanyabiashara yeyote anayefika soko la ugenini.

Kuna kipimo kimoja kizuri cha kuthibitisha hili: tafuta kamusi za mwanzo na uone nani aliziandika. Tayari kwenye taarifa za Cartier kuna orodha ya maneno ya wenyeji. Mmisionari Sagard alichapisha kamusi ya Kihuron 1632. Flacourt, gavana wa Fort-Dauphin kusini mwa Madagaska, akachapisha ya Kimalagasi 1658. Saint-Louis ya Senegal, mwalimu Jean Dard alifungua shule 1817 akaanza kufundishia kwa Kiwolofu, akaandika kamusi na sarufi yake. Na huku kwetu mapadri wa Kifaransa wa shirika la Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo 1868 hawakuwafanya watu wa Bagamoyo waongee Kifaransa, walijifunza Kiswahili, na mmoja wao Charles Sacleux akaacha kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa 1939, mpaka leo watafiti wa lahaja za pwani wanaitegemea. Miaka mia tatu Wafaransa wa mstari wa mbele wanajifunza lugha za watu.

Hatua inayofuata, tafuta wanawake. Namaanisha kabisa, andika kwa wino mwekundu kwenye chumba cha tatu: mama wa hawa watoto ni nani? Quebec familia ya kwanza ya wakulima, Louis Hébert na Marie Rollet na watoto wao, ilifika 1617. Mpaka hapo miaka tisa imepita tangu Champlain aanze. Sensa aliyofanya Jean Talon, msimamizi wa koloni, 1666 ilihesabu walowezi 3,215, na shida kubwa ilikuwa wanaume kibao wanawake hakuna. Kati ya 1663 na 1673 mfalme Louis XIV akalipia safari ya wasichana kama 770, wengi mayatima au maskini, wengi wao kutoka Paris na maeneo ya jirani na Normandie, wanaitwa mabinti wa mfalme. Wakaolewa haraka wakazaa sana. Baba anaweza kuwa katokea Poitou au Bretagne na lahaja yake, lakini ndani ya nyumba lugha iliyoshinda ilikuwa Kifaransa cha mama na cha majirani, kwa hiyo lahaja zikapotea Quebec mapema kuliko Ufaransa kwenyewe. Padri Charlevoix aliyepita kule 1720 aliandika kwamba hakuna mahali Kifaransa kinaongewa safi kuliko pale. Linganisha na ripoti ya Grégoire ya 1794 hapo juu.

Na jaribio la kuwafanya wenyeji wawe Wafaransa kwa shule lilishindwa kipindi hichohicho. Masista wa Ursuline walifika Quebec 1639 na Marie de l'Incarnation, wakachukua mabinti wa kienyeji bwenini, na 1668 yeye mwenyewe aliandika kwamba kati ya mia waliopita mikononi mwao ni kama mmoja tu aliyebadilika. Wengine waliruka ukuta wakarudi kwao porini. Yeye akajifunza lugha zao akaziandikia vitabu vya dini.

Uingereza ilipoichukua Quebec 1759, na mkataba wa Paris wa 1763 ukathibitisha, walikuwepo wasemaji kama 70,000 wenye mashamba, parokia na watoto, wakati makoloni ya Uingereza ya jirani yalishapita milioni moja. Bendera ikashuka, lugha ikabaki, mwaka 1977 Quebec ikapitisha sheria ya kuifanya lugha ya kazi na shule, na leo waliozaliwa nayo pale ni zaidi ya milioni 6.

Sasa fanya ulinganisho, hapa ndo utamu. Chukua sehemu tatu ambazo Ufaransa ilipoteza utawala na uangalie lugha ilifanyaje. Louisiana kwanza: La Salle alifika mdomo wa Mississippi tarehe 9 Aprili 1682 akaitangaza nchi yote hiyo kuwa mali ya Louis XIV, yaani bonde zima, mbele ya wenzake na wenyeji walioongozana naye. Walowezi walikuwa wachache sana. New Orleans ilianza 1718, 1803 Napoleon akaiuzia Marekani dola milioni 15. Kifaransa kilibaki kwa Wakajuni, wale waliofukuzwa na Waingereza kuanzia 1755 kutoka Acadie, lililokuwa koloni la Wafaransa mashariki mwa Kanada, na kwa Wakrioli, yaani wazawa wa Louisiana yenyewe, mpaka katiba ya jimbo ya 1921 ilipoagiza shule zitumie Kiingereza tu, watoto wakawa wanaadhibiwa kwa kuongea lugha ya nyumbani. Ndani ya vizazi viwili ikadhoofika vibaya. Jimbo likaunda chombo cha kuiokoa 1968, wanapambana mpaka leo. Ukifungua ramani ya Marekani utaona Detroit, Saint Louis, Baton Rouge, majina yapo kila mahali, mtoto ajifunze kutofautisha ramani yenye majina ya Kifaransa na nchi yenye wasemaji wa Kifaransa.

Ya pili Haiti, ikiitwa Saint-Domingue wakati ule. Karibu na 1789 kulikuwa na watumwa Waafrika karibu nusu milioni na wazungu kama 30,000. Watu waliotolewa sehemu mbalimbali za Afrika, wanafanyishwa kazi kwenye miwa mpaka kufa, hawana lugha moja, wakajenga lugha mpya, Krioli, kwa maneno mengi ya Kifaransa cha mabaharia na walowezi. Wakajikomboa 1804. Na Kifaransa kikabaki cha ofisini na cha wachache waliosoma, Krioli ndo inayoongewa na wote, ingawa katiba ilikuja kuipa hadhi ya lugha rasmi sambamba na Kifaransa 1987 tu. Kwenye jedwali usiandike "Haiti wanaongea Kifaransa" ukaishia hapo, ni kuwakosea heshima.

Ya tatu ni Morisi na naiweka mwisho kwa sababu inatuhusu moja kwa moja. Wafaransa waliichukua 1715, Waholanzi walishaondoka, wakaiita Isle de France. Walihitaji watu wa mashamba na bandari, na pa kuwapata pakawa Madagaska, Msumbiji na pwani yetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Kilwa hii hii tunayoijua sisi. Kwa hiyo kati ya waliojenga Krioli ya Morisi kulikuwa na watu waliopakiwa Kilwa, na mimi kila nikifundisha hii sehemu naiweka ramani ya Kilwa mezani, siwezi kuelezea Kifaransa cha Bahari ya Hindi bila wao. Uingereza ikaichukua 1810, masharti ya kusalimu amri yakawaruhusu wakazi kubaki na dini, sheria na mila zao, na Waingereza hawakuleta walowezi wengi. Wakatawala mpaka 1968, miaka 158, na bado magazeti makubwa ya Morisi ni ya Kifaransa na mitaani ni Krioli, Kiingereza kipo bungeni na kwenye makaratasi ya serikali. Shelisheli njia yao inafanana, walowezi wa kwanza 1770, Uingereza kuanzia mkataba wa 1814, Krioli mpaka leo.

Ukija Afrika bara, jiandae kwa sababu hapa vitabu vya shule vinapotosha zaidi. René Caillié alifika Timbuktu tarehe 20 Aprili 1828 akarudi hai, akapewa faranga 10,000 na chama cha jiografia cha Paris. Alifikaje? Alijifunza Kiarabu na dini, akajifanya Mmisri anayerudi kwao. Mfaransa maarufu kuliko wote wa jangwani alifanikiwa kwa kuficha Kifaransa chake. Mpelelezi Brazza naye alizaliwa Italia, uraia wa Ufaransa akaupata akiwa mtu mzima, akafunga mkataba na Makoko mfalme wa Wateke tarehe 10 Septemba 1880. Kisha akaondoka, na aliyeachwa kulinda kituo pale inapoitwa Brazzaville leo ni sajenti wa Kisenegali, Malamine Camara, na askari wachache. Mpelelezi Stanley, aliyekuwa anamfanyia kazi Leopold mfalme wa Ubelgiji, alipotokea 1881 akitaka kuvuka kuanzisha chake, Malamine akamwonyesha karatasi ya mkataba na kumgomea. Malamine alikuwa anawinda anagawa nyama, anaelewana na wenyeji, ndo maana walisimama naye. Jina lake liwe kwenye chumba cha pili, nani alibaki.

Ng'ambo ya mto, Kinshasa, usitafute mpelelezi wa Kifaransa kabisa. Kifaransa cha Kongo, Rwanda na Burundi kilikuja na Wabelgiji, Kongo kuanzia dola la Leopold la 1885 na serikali ya Ubelgiji 1908, Rwanda na Burundi baada ya Mjerumani kutolewa kwenye vita vya kwanza. Ukitaka ushahidi wa haraka msikilize Mkongomani au Mrundi akihesabu, sabini atasema septante na tisini nonante kama Mbelgiji, Msenegali atasema soixante-dix na quatre-vingt-dix kama Mfaransa. Na misheni za Kibelgiji madarasa ya chini zilifundisha kwa Kiswahili, Kilingala, Kikongo au Kiluba, Kifaransa kikawa cha wachache walioendelea juu. Kilipanuka hasa baada ya uhuru, shule zilipofunguliwa kwa wengi na nchi zikakibakiza kuwa lugha rasmi. Kinshasa leo ina watu wengi kuliko Paris.

Ndo maana chumba cha nne, cha shule, ukijaze kwa uangalifu kuliko vyote. Tarehe za kutafuta ni hizi: sheria za Jules Ferry za 1881 na 1882 zilizofanya shule ya msingi Ufaransa iwe bure na lazima, Alliance française, shirika la kueneza Kifaransa, 1883, na mwaka 1903 mfumo wa shule wa Afrika Magharibi ya Kifaransa uliotaka mtoto afundishwe kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza. Kulikuwa na adhabu inaitwa le symbole, mtoto akikutwa anaongea lugha ya nyumbani anavishwa kitu shingoni mpaka amkamate mwenzake amkabidhi. Walivishwa watoto wa Bretagne na walivishwa watoto wa Afrika Magharibi, na Wakenya wengi mnakijua kibao cha aina hiyo kwa upande wa Kiingereza. Cartier katokea Bretagne 1534, na zaidi ya miaka 350 baadaye watoto wa Bretagne bado wanaadhibiwa ili waongee Kifaransa!

Shule pia inaweza kugeuza mambo upande mwingine. Rwanda iliamua 2008 kufundishia kwa Kiingereza, ikaingia Jumuiya ya Madola 2009, na bado ikabaki Francophonie, tena 2018 Mnyarwanda Louise Mushikiwabo akachaguliwa katibu mkuu wake. Acha mstari wa Rwanda uwe na nafasi ya kuongezea.

Ukimaliza hizi jipime na sehemu ambayo sijakufanyia. Chukua Mayotte, ipo jirani na lugha yao Shimaore ni ndugu wa damu na Kiswahili, ukiwasikiliza kwa makini utashika maneno mengi. Ufaransa iliipata 1841 kwa mkataba wa kapteni Passot na Andriantsoly, mtawala wa kisiwa, na 2011 ikawa mkoa kamili wa Ufaransa, wakati visiwa vingine vya Komoro vilishajitenga 1975. Jaza vyumba vyote vinne. Usianze na Passot, anza na chumba cha shule urudi nyuma, uone watoto wa Mamoudzou, mji mkubwa wa Mayotte, wanaingia darasani na lugha gani na wanakutana na ipi.